Mwaka Nilipomwosha Mwenyeji Miguu

"Mti usioliwa, usiochanwa mbao, usiotoa hata kivuli cha kumtosha kuku, unaulea wa nini?"

Shangazi aliniuliza hivyo jioni moja jikoni kwake Kasingirima, huku akigeuza samaki, migebuka, ndani ya mawese. Mimi, niliyekuwa nimemaliza shahada ya sayansi ya mimea miezi minne kabla, nilibaki nimeshika mwiko wa ugali kama mtu aliyeombwa kitambulisho. Sikuwa mtu wa kukosa majibu. Chuoni nilijulikana kwa kunyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza sentensi, na nyumbani kwa shangazi nilikuwa nimeshahoji kwa nini maji ya kunywa yachemshwe mara mbili, kwa nini chumvi itangulie nyanya, na kwa nini ajira za serikali zitangazwe kila mara mtandao ukiwa umekatika. Swali lake lilikuwa jepesi kuliko yote niliyowahi kuuliza mimi. Niliendelea kusonga ugali.

Mwezi uliopita tulikutana tena Ujiji, wanachama wa zamani na wapya wa chama chetu cha miti midogo. Mwaka ule tulikuwa wanne. Safari hii watu walijaa uani hadi wengine wakasimama nje ya geti na miti yao mikononi, kama akina mama waliopeleka watoto kliniki. Nimerudi kazini kwangu vidole vikinuka utomvu, na nimeona niuandike mwaka ule sasa, kabla sijaanza kuusimulia vizuri kuliko ulivyokuwa.

Ulianza na feni mbovu. Nilikuwa nafundisha kwa kujitolea kwenye sekondari moja mjini, nikisubiri ajira kama wenzangu wote, na shangazi alinituma niipeleke feni yake Ujiji kwa Fundi Yasini, fundi wa kusuka mota. Kibanda chake kilikuwa cheusi kwa moshi na kilinuka vanishi. Mota zilizofumuliwa zilining'inia ukutani kama utumbo kwenye bucha, na yeye alikaa katikati yake kwenye kigoda, mwanamume mwembamba wa miaka hamsini hivi, miwani imefungwa kwa uzi, akihesabu mizunguko ya waya kwa midomo. Nilipochoka kusubiri nilisukuma mlango wa nyuma nikachungulia. Uani, juu ya mbao zilizowekwa kwenye matofali, kulikuwa na misonobari kumi na minne, ile ambayo watu wa huku huiita paini, na hakuna hata mmoja uliofika kiunoni kwangu. Lakini haikuwa miche. Ilikuwa mizee. Magome yalikuwa yamepasuka vibamba vibamba, matawi yameinama kwa uzito wa miaka, na kila tawi limezungushiwa waya wa shaba, waya uleule wa mota zilizoungua, ambao Fundi alikuwa akiuchoma tena kwenye jiko la mkaa ili ulainike.

Nilimuuliza kwa nini. Kwa nini paini, kwa nini waya, kwa nini midogo, kwa nini hapa. Alinitazama juu ya miwani.

"Feni yako iko tayari," alisema. "Maswali yako ndiyo yatachukua wiki."

Kuanzia siku hiyo jina langu pale lilikuwa Bi Kwanini. Alilitunga Deo, muuza simu wa rika langu, aliyekuja kila jioni akiwa bado na mkoba wa vocha kifuani. Wa nne wetu, au tuseme wa kwanza kwa haki, alikuwa Mama Dafroza, mshonaji wa Mwandiga. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia huku, akaolewa huku, akapewa uraia akiwa tayari na wajukuu. Ndiye aliyepanda vilima vya njia ya Manyovu miaka minane kabla yangu na kukuta, pembeni mwa shamba la paini, miti iliyojiotea yenyewe kwenye nyufa za miamba, ikaliwa na mbuzi, ikaungua kwa moto wa kila kiangazi, na bado haikukubali kufa. Aling'oa mmoja akaupeleka kwake. Fundi Yasini, aliyekuwa ameiona miti ya namna hiyo kwenye video za simu na kujua kuwa duniani kuna watu wanaiita bonsai, alipouona mti wa Mama Dafroza alimwambia, "Mama, hicho ulichonacho watu wanakifia." Chama kikaanza hapo.

Mti wake mkuu, Mama Dafroza aliuita Mwenyeji. Ulikuwa na urefu wa mkono wangu, shina limejikunja mara mbili, upande mmoja umeungua hadi mbao nyeupe imejitokeza na kung'aa kama mfupa. Nilimuuliza kwa nini ampe jina hilo mti wa kigeni, maana paini si mti wa asili wa nchi hii, uliletwa. Mama Dafroza hakuinua macho kwenye mkasi wake.

"Amezaliwa wapi?"

"Hapa."

"Basi. Mwana wanje, mwanangu, unataka na yeye ajaze fomu?"

Deo alicheka hadi akakaa chini. Nami nikapewa mti wangu, mdogo, na orodha ya sheria. Nyingi nilizikubali maana zilikuwa na akili: changarawe ya ziwani ioshwe, ichekechwe kwa wavu wa mbu, ichanganywe na tofali lililopondwa; tawi likunjwe kidogo leo na kidogo wiki ijayo; mti uliotoka mlimani usikatwe chochote hadi upite mwaka mzima. Moja ilinikera. Paini haoshwi miguu. Unapombadilishia chungu, udongo wake wa kwao ulioshika mizizi hauuondoi wote, na hasa hauumwagii maji ukatoka. Nilipouliza sababu, Fundi Yasini alijibu kwa uso wa mtu anayesoma mkataba: "Ukimwosha miguu anasahau kwao. Akisahau kwao, hali. Asipokula, anakufa."

"Mti hausahau, Fundi. Hauna ubongo."

"Na wewe unao, lakini jana umesahau kumwagilia."

Nilirudi kwenye changarawe yangu nikiwa nimekasirika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilichukia kuliko kitu chochote sababu ya uongo iliyovaa nguo za hekima. Leo najua kuwa sheria nzuri inaweza kutembea miaka mingi ikiwa imevishwa sababu mbovu, na ukiivua sababu si lazima uitupe na sheria. Wakati ule nilitupa vyote pamoja.

Jambo kubwa la mwaka ule lilikuwa meza. Mwaka uliotangulia, chama kilikuwa kimeomba nafasi kwenye maonyesho ya wakulima ya mwezi wa nane. Deo ndiye aliyenisimulia, akiigiza sauti zote, siku tuliyokuwa tunakula maharage ya mawese kwenye kibanda cha Fundi kwa kijiko kimoja kinachozunguka. Afisa mmoja alipita, akasimama mbele ya Mwenyeji, akauliza ana miaka mingapi, akaambiwa labda thelathini. Akageukia watu: "Mkoa mzima unahangaika na udumavu, na hawa wametuletea udumavu mezani!" Watu waliangua kicheko. Kufikia mchana meza yao ilihamishiwa nyuma ya banda la nguruwe, na jioni Mama Dafroza alimbeba Mwenyeji kichwani hadi Mwandiga kwa miguu, akikataa usafiri wa mtu yeyote. Hakulia, Deo alisema. Ila tangu siku hiyo alikuwa na neno moja: mwaka huu Mwenyeji atarudi, na yule afisa atamtazama vizuri. Alikuwa akimlea kwa ajili ya siku hiyo, tawi kwa tawi, huku macho yake mwenyewe yakififia kwa mtoto wa jicho.

Mwezi wa tatu alipata nafasi ya upasuaji wa macho kwenye hospitali ya mbali, na matibabu yangechukua wiki sita. Alimleta Mwenyeji kwa Fundi akanikabidhi mimi, si Deo, jambo lililonivimbisha kichwa. "Mmwagilie tu," alisema. "Usimfanyie kingine." Siku tisa baadaye Fundi Yasini aliitwa Uvinza kutengeneza pampu, Deo akawa na homa, na mvua ya mawe ikapasua chungu cha saruji cha Mwenyeji katikati. Nilimkuta asubuhi amelala ubavu, mizizi nje. Sikuwa na wa kumuuliza, na nakiri kuwa sikutafuta. Nilimbeba hadi kwenye bomba. Kati ya mizizi niliona nyuzi nyeupe, laini kama pamba, zimejisuka kila mahali, na harufu nzito ya uyoga ikanipanda puani. Ukungu, nikasema kwa sauti. Mti wa watu unaoza kwa ukungu, na wao wanaimba habari za miguu. Nilifungulia maji. Nilimwosha kila mzizi kwa vidole, kwa upole, kama ninavyowaogesha watoto wa shangazi, hadi maji yakatoka safi. Kisha nikamchovya kwenye dawa ya ukungu ya nyanya, nikampanda kwenye sufuria pana ya alumini iliyotobolewa, kwenye changarawe safi kabisa. Nilijisikia daktari.

Kwa wiki mbili alikuwa mzuri, nami nilikuwa nikitunga kichwani jinsi nitakavyowaeleza. Wiki ya tatu sindano zake, yale majani yake membamba, zilipoteza mng'ao. Wiki ya nne ncha ziligeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi Yasini, aliyekuwa amerudi, alichuchumaa mbele yake muda mrefu.

"Umemwosha miguu?"

"Hapana," nilisema. "Chungu kilipasuka tu, nikamhamisha."

Sijui kwa nini mtu anayedai kupenda ukweli kuliko chakula alijibu vile bila hata kupepesa macho. Usiku nilifungua sanduku la madaftari yangu ya chuo nikitafuta ugonjwa wa kumpa Mwenyeji, ugonjwa ambao haukutoka kwangu. Nikakuta mtihani wangu wa mwaka wa pili. Swali la nne: eleza ushirikiano kati ya kuvu na mizizi ya misonobari. Nilikuwa nimejibu kurasa mbili na nusu, kwamba nyuzi za kuvu huivalisha mizizi kama soksi, huitafutia maji na chakula, kwamba misonobari kwenye udongo duni haiwezi kuishi bila hizo. Nilipata alama za juu. Mchoro wangu ulikuwa safi, umepakwa rangi nyekundu na buluu. Hakuna aliyeniambia kuwa nje ya daftari kitu hicho ni cheupe na kinanuka uyoga.

Nilimwambia Fundi kesho yake mchana, mbele ya Deo, kwa sababu niliogopa nikimwambia peke yake nitapunguza. Alikuwa na mota mapajani. Aliisikiliza habari yote bila kuacha kuzungusha waya, kisha akauacha.

"Mota ikiungua," alisema, "naisuka upya. Huyu nitamsuka kwa waya gani?"

"Kuna udongo wa mlimani, chini ya paini zilezile. Zile nyuzi zipo humo. Tukimrudishia..."

"Umesoma wapi?"

"Chuo."

"Na kuosha ulisoma wapi?"

Deo alisema polepole, "Fundi, mwache. Ameshajipiga mwenyewe." Hilo lilinichoma kuliko matusi. Fundi alisimama, akavaa koti, akachukua ufunguo wa pikipiki. "Panda," akasema. "Bi Kwanini, leo utanieleza njia nzima. Na usiache kitu."

Nilimweleza njia nzima, kutoka Ujiji, tukapita Mwandiga, hadi juu vilimani, upepo ukinirudishia maneno mdomoni. Alikuwa akiuliza maswali huku akigeuza kichwa kidogo: nyuzi zinakula nini, zinakufa kwa jua, zinapenda maji kiasi gani. Maswali mazuri, mazuri kuliko ya wanafunzi wangu, na kwenye kona ya mwisho nilitambua kuwa mtu huyu aliyeniambia mti husahau kwao hakuwa na imani yoyote ya ajabu. Alikuwa na jambo aliloona likitokea, na alitumia maneno aliyokuwa nayo. Chini ya paini kubwa tulifukua sindano zilizooza tukazikuta, nyeupe, zimetanda. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia maharage karibu alitusimamia na jembe begani, akatusalimu kwa lugha ya huko.

"Mwakeye, wanangu. Mnachimba dhahabu?"

"Udongo tu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Yaani mjini mmemaliza hata udongo?" Alicheka, akatupatia mfuko wake wa mbolea tubebee.

Tulimjazia Mwenyeji ule udongo kuzunguka mizizi, tukamjengea kichanja cha magunia dhidi ya jua, na nikahamishia madaftari yangu ya kusahihisha uani kwa Fundi. Nilimpulizia majani maji asubuhi, mchana na jioni. Nilizihesabu sindano zilizoanguka. Upande wa pili wa ukuta majirani walizungumza nikawasikia: "Yule binti wa shule anasemeshana na mti." "Mwache, ajira zimechelewa." Ilikuwa kweli kwamba nilisemeshana naye. Niliomba msamaha kwa kitu kisicho na ubongo.

Mama Dafroza alirudi Mwenyeji akiwa bado rangi ya chai. Alikuwa na miwani myeusi, na mkono wake ulimtangulia kila mahali kwa mazoea ya miezi ya giza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, hata kwa kufukuzwa. "Shikamoo, mama. Nimemuua Mwenyeji, au karibu. Nilimwosha miguu. Halafu nikadanganya." Aliketi. Alimpapasa mti kuanzia juu hadi kwenye sufuria, akavunja sindano moja, akainusa. Kisha akaanza kucheka. Mwanzoni kifuani tu, halafu mabega, halafu akashika tumbo na kusema, "Mana yanje! Mana yanje!" yaani Mungu wangu, mpaka machozi yakatoka chini ya miwani na Fundi akamkaripia kuwa daktari alimkataza. Aliponyamaza aliuliza kama kuna kahawa. Hakuligusa tena jambo hilo, siku ile wala nyingine yoyote. Nilidhani nimeona moyo mkubwa usio wa kawaida, na kwa miaka mingi niliwasimulia watu hivyo.

Mwezi wa sita, Jumamosi, Deo alipiga kelele nikaangusha kikombe. Kwenye ncha ya tawi la kwanza kulikuwa na kichipukizi, kimesimama wima, cheupe kama mshumaa mdogo. Kesho yake vilikuwa sita. Kufikia mwisho wa mwezi Mwenyeji alikuwa na mishumaa kila tawi, kama madhabahu ya Krismasi, na Fundi Yasini, mtu wa msikiti, ndiye aliyesema hivyo.

Kazi iliyobaki tuliifanya kwa mikono miwili ya watu wawili. Macho ya Mama Dafroza yalikuwa bado hayajakaa sawa kwa vitu vya karibu, kwa hiyo yeye aliongoza kwa vidole na mimi nikazungusha waya. "Hapa anataka kushuka. Usimlazimishe. Msikilize; akianza kulia, acha." Mti unaokaribia kuvunjika hutoa mlio mdogo sana kwenye gome, na nilijifunza kuusikia kwa ncha za vidole kabla ya masikio. Tawi la chini tulilishusha kwa siku kumi na nne hadi likakaa linavyokaa tawi la mti mkubwa ulioko mbali. Siku tuliyomaliza, nilirudi nyuma hatua tano, nikainama, na kwa mara ya kwanza sikuona mti kwenye sufuria. Niliona kilima chote.

Kwenye maonyesho tulipewa meza ileile ya nyuma. Tulifika alfajiri, tukatandika kitenge cheusi, tukaweka mti mmoja tu. Saa nne yule afisa akaja na kundi lake.

"Mmerudi na udumavu wenu?"

Nilifungua mdomo. Mama Dafroza alinigusa kiwiko. "Karibu, mzee. Shika mkono wako hapa. Hapana, usiogope, mguse." Alimchukua mkono kama anavyochukua wa mteja wa kupima nguo, akauweka juu ya sindano mpya, za kijani, ngumu, zilizojaa. "Mtoto aliyedumaa ni yule aliyenyimwa. Huyu hajanyimwa siku hata moja. Anakula, anakunywa, ana watu wanne wa kumwangalia. Aliponyimwa alikuwa huko mlimani, na hapo hamkumcheka kwa sababu hamkumwona."

Afisa hakuondoa mkono. Aliinama, akainama tena zaidi, akafika pale nilipokuwa nimefika mimi siku ile, macho yakiwa usawa wa shina, na nikajua kuwa amekiona kilima.

"Huyu," alisema bila kumwangalia mtu, "kwa nini amewekwa nyuma ya nguruwe?"

Kufikia mchana meza yetu ilikuwa imehamishiwa langoni. Shule nzima zilipita kwa mistari. Mwanajeshi mmoja alirudi mara tatu. Shangazi alikuja amevaa kitenge chake cha harusi, akasimama mbele ya Mwenyeji, na alipoondoka nilimsikia akimwambia mwanamke asiyemjua, kwa kiburi kitupu, "Huyo tunamlea sisi." Siku ya kufunga walitupa nafasi ya kwanza kati ya vikundi vidogo na kikombe cha plastiki cha rangi ya dhahabu, na Deo alikibeba juu ya kichwa kutoka uwanjani hadi Ujiji, tukiimba, Fundi Yasini akipiga honi ya pikipiki nyuma yetu, Mama Dafroza ameketi mbele ya lori la kukodi na Mwenyeji mapajani, kama bibi harusi. Miezi michache baadaye ajira yangu ilitoka nikahama.

Miaka tisa baada ya hapo nilikwenda Mwandiga likizo, nikamkuta Mama Dafroza anataka shimo la mgomba nyuma ya nyumba. Nilishika jembe mimi. Pigo la nne au la tano liligonga kitu, nikavuta kutoka udongoni msokoto wa waya wa shaba, umegeuka kijani, mizunguko yake ingali imekaa sawasawa juu ya tawi ambalo halikuwepo tena. Kando yake kulikuwa na mwingine, na mwingine, na mwingine. Nilimwita nikamwonyesha. Alisogea, akaitazama kwa macho yake mazuri ya upasuaji, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Hao ni wa kabla ya Mwenyeji," alisema. "Wanne. Niliona wana ukungu, mwana wanje, nikawaosha miguu kwa sabuni ya mche."